Mgonjwa Mmoja, Mkono Mmoja

Andama, kabla hujagusa bisibisi
sogeza kiti. Mwache mtu akae.
Ametoka Ediofe kwa miguu na laptopu yake
kaifunga kwenye kitenge kama mtoto mwenye homa,
nawe swali lako la kwanza: "Ulibonyeza nini?"

Usiulize hivyo.
Uliza, "Ilianza lini?" Kisha nyamaza.
Uliza, "Nani mwingine kaishika?" Kisha nyamaza zaidi,
maana hapo ndipo watu hudanganya,
si kwa ubaya. Kwa aibu.

Mwalimu Ezaru alinyamaza mpaka jenereta ya jirani ikazima.
Ndipo akasema: binamu yake alifuta kitu,
kijana wa fotokopi akaongeza kingine,
na ile karatasi niliyomwandikia mhasibu wa parokia,
kwa mashine ya mhasibu, kwa kirusi cha mhasibu,
aliiazima, akaifuata mstari kwa mstari
usiku wa manane, kwa tochi ya simu.
Mstari wa saba ukala alama za madarasa mawili.

Nilitaka kufoka. Neno lilishafika kwenye meno.
Nikakumbuka flashi yangu ya mwaka wa kwanza,
niliyoichomeka katika kila mashine ya Arua
nikijiita daktari,
kumbe ndimi niliyebeba ugonjwa mlango kwa mlango.
Nikasema, "Pole, mwalimu. Unakunywa chai?"

Dawa aliyopimiwa mwingine
ni sumu yenye mwandiko mzuri.
Aliyeanza kwa Onzima, mrudishe kwa Onzima,
hata kama Onzima anakwenda taratibu,
hata kama wewe unalijua jibu na vidole vinakuwasha.
Usilolijua, sema hujui:
"sijui" haijawahi kufuta faili la mtu.
Ukikuta picha, hukuziona.

Na usicheke.
Jana ulimcheka yule mzee wa tumbaku
aliyeambiwa na skrini kwamba ameshinda gari.
Laki mbili kazituma kwa simu, kulifuata hilo gari.
Alikusikia. Alikunja waya wake polepole, akaondoka.
Sasa yumo ndani na kirusi chake,
na sisi ndio tuliofunga mlango kwa nje.

Siku tatu nililichimba lile diski la mwalimu.
Darasa moja lilirudi. La pili, nusu.
Nikamwambia nusu, bila kuipaka mafuta.
Akalipa, akaenda, wiki mbili kimya,
na kimya cha uliyemsaidia hakina tafsiri:
imepona? imekufa? kaipeleka kwingine?
Nimelala nacho, kimya hicho, kama jiwe chini ya mkeka.

Leo asubuhi, katikati ya mvua,
bodaboda imepita bila kusimama,
na mtu wa nyuma, mwavuli umempindukia,
amepaza sauti kuelekea kibanda chetu:
"Inawaka!"

Lete daftari, Andama. Andika tarehe.
Andika jina lake lote.
Andika: inawaka.