Wageni Bilioni Kumi

Jino ndilo lililoanza.
Nikapewa antibayotiki za siku saba,
nikazimeza kwa saa, kama mtu anayelipa deni.
Uvimbe ukashuka, jino likanyamaza,
na tumboni wakafa wote, wabaya na wema,
kama mtaa uliochomwa kwa kumsaka mwizi mmoja.

Wiki ya pili tumbo likanguruma kazini,
ghalani Brackmills, zamu ya usiku,
baina ya safu ya kumi na nne na ya kumi na tano,
skana mkononi, choo mbali,
mbali kama Makka kwa asiye na nauli.
Msimamizi wetu, Darren, akazihesabu dakika zangu za chooni,
akaziandika: thelathini na moja.

Halafu na huko kwengine,
nisikokutaja mbele ya wakwe,
hamira ikaumuka bila unga.

Famasia ya barabara ya Wellingborough
niliizunguka mara tatu.
Nikasoma bei za miswaki.
Nikachukua pamba nisiyoihitaji.
Kaunta alikuwa Mundhir, mtoto wa Bi Raya,
niliyemfunga nepi kwa mikono hii.

"Ni ya mwenzangu," nikasema.
"Mwenzako anawashwa?"
"Anawashwa."
"Ana sukari? Ana mimba?"
"Hana. Na mimba umri wake umeshapita."
Hakucheka. Mungu amlipe, hakucheka.
Alisema akiitazama kompyuta:
"Mwambie, ya fangasi ni hii, moja tu, leo usiku.
Hivi vyengine, vya bakteria hai, siviapii.
Wapo wanaosema vimewafaa,
wapo waliopungukiwa pochi tu.
Asipopona aende kwa daktari.
Aende yeye mwenyewe."

Pauni kumi na saba na nusu.
Saa moja na nusu ya kunyanyua maboksi.

Nikavitia frijini, nyuma ya achari ya Khelef.
"Nini hivi?"
"Wageni."
"Wangapi?"
"Bilioni kumi kila kidonge."
"Na watakula nini?"

Mgeni njoo, mwenyeji apone:
nimeyasema haya maisha yangu yote,
mlangoni, nikipokea mabegi na viatu,
na sijamsikia hata mgeni mmoja akiuliza
mwenyeji anaumwa nini.

Wifi kanitumia sauti kutoka Makunduchi:
kunywa mtindi, acha mambo ya kizungu.
Namjibu: mtindi wa dukani kwetu
una sukari kuliko halua, na picha ya stroberi.
Anatuma sauti nyengine. Siifungui.

Siku ya kwanza nilivimeza kwa adabu.
Siku ya pili tumbo lilijaa upepo,
nikaona ndiyo wanapanga vitanda.
Siku ya tatu, nimetoka zamu, pazia limefungwa,
jua la saa mbili asubuhi halina joto,
nikaweka kiganja chini ya kitovu:
haya, siku mbili zimekwisha,
jembe hilo hapo.
Limeni.

Leo ni ya kumi na tisa.
Muwasho umeondoka, nadhani kwa ile moja ya usiku ule.
Tumbo, usiku mwengine limetulia,
usiku mwengine linanikumbusha njia.
Sijui ni wageni, sijui ni dawa,
sijui ni siku tu zilizopita zikafanya kazi yao
bila kudai peni.
Darren ameandika ishirini na mbili.

Chupa imebaki vidonge kumi na moja.
Jana nilipita famasia, kununua pamba, kweli safari hii.
Mundhir akainua macho:
"Mwenzako hajambo?"
"Afadhali," nikasema.
"Anakusalimu."