Gari la Theluji

Saa nane za usiku, Tromsø. Unga hadi kwenye nyusi.
Ingvild yuko barabarani, anasukuma theluji
kwa lile gari la rangi ya chungwa
ambalo Sunniva ameliagiza, la keki:
"Lenye taa, Baba. Na meno mbele."

Keki ya kwanza ilidumaa.
Ya pili imepasuka mgongoni kama kisigino;
nikaziba ufa kwa krimu,
nikaziba tena,
na ukuta nikaujenga vilevile.
Rangi nayo imegoma. Nilitaka chungwa,
nimepata kamba wa kuchemshwa.

Magurudumu ni biskuti nne.
Nimegeuka kuosha mwiko,
nimerudi, ni tatu.
Mlangoni, vidole vya miguu chini ya pazia,
na pazia linatafuna.
Sikuuliza.

Asubuhi isiyo na jua Ingvild anaingia,
barafu kwenye buti,
anaizunguka meza kwa jicho la fundi.
"Hili lina pancha," anasema,
bila kucheka, kazini ni kazini.

Mtoto, miaka minne tangu alfajiri,
anamvuta shati:
"Gurudumu nililila mimi.
Ila gari linakwenda, Mama.
Sikiliza."