Nakala Mbili

Daktari Henriqueta, kule Porto,
alichora ukuta nyuma ya bahasha:
tofali, tofali, tofali,
na kati yake wino wa bluu.
"Hii ndiyo gundi," akasema,
"protini inayozishikanisha seli mikono."
Kisha akaufuta wino kwa kidole chenye mate
na tofali zikabaki zimesimama
kwa mazoea tu.

Herufi moja.
Katika herufi bilioni tatu
moja imekaa pasipo pake,
na sentensi ya gundi inakatika
kama simu ya mtu aliyeishiwa salio.
Nimeirithi kwa mama
pamoja na nywele zinazokataa kitana
na sufuria tatu za shaba.

Mama, Zulmira, miaka arobaini na moja.
Walisema ni vidonda. Walisema ni nyama ya moshi,
chumvi, kahawa kabla ya mkate.
Bibi yake naye "alikauka",
ndivyo walivyosema kijijini
ugonjwa ulipokuwa hauna jina,
na mama mdogo Deolinda akakauka Krismasi,
samaki wake sahanini hajaguswa,
sisi watoto tukigombea nani amle.

"Lakini nakala ni mbili," nikamwambia daktari.
"Ya baba je?"
"Ya baba ni nzima. Haina kosa hata la nukta."
"Sasa?"
Akavua miwani.
"Mwili huweza kuinyamazisha ile nzima.
Hauivunji. Huibandika vimuhuri mlangoni,
anayepita akadhani ndani hamna mtu."

Muhuri naujua.
Miaka kumi na tisa, dirisha la pili,
posta ya Bragança:
barua nzima, mwandiko wa kupendeza,
unaigonga IRUDISHWE
na hakuna atakayeisoma.

Na baba yangu namjua.
Adérito, mwashi wa mawe.
Tangu tumzike mama hajalitaja jina lake.
Hakuvunjika, hapana.
Aliwasha jiko, alitufunga kamba za viatu,
alijenga kuta zisizopitisha wembe,
na jina likabaki ndani,
limegongwa muhuri.

Mdogo wangu Gracinda hana kosa lile.
Alilia kwenye maegesho ya hospitali
kana kwamba ameniibia.

Machi wakautoa mfuko wangu wa tumbo, wote.
Kwa macho, alisema mpasuaji, ulikuwa mzuri.
(Sijawahi kusifiwa kiungo nikiwa sinacho.)
Wakaukata vipande mia mbili na kitu,
wakavitazama kimoja kimoja kwa hadubini.
Mahali tisa.
Padogo kuliko punje ya haradali,
seli zenye umbo la pete
zimeachana mikono,
zinajitembelea gizani kila moja kivyake.
Humo, jeni zilizopaswa kunong'ona zinapiga kelele,
na ile ya gundi, ile nzima,
ile ya baba,
kimya.

Sasa nakula mara saba kwa siku, kidogo kidogo.
Mkate nautafuna hadi ugeuke sukari.
Njaa bado huja saa sita kamili
kama tarishi mgeni
anayetafuta namba ya nyumba iliyobomolewa.

Novemba pili tulikwenda makaburini.
Kijiji kizima, krisanthemu, ukungu mpaka magotini.
Baba alikuja na kindoo cha chokaa.
Kaburi la mama lina ufa upande wa kaskazini;
akapiga magoti, akauziba kwa dole gumba,
akaulainisha, akaulainisha tena
pale palipokwisha kulainika.

Nikamweleza. Sijui kwa nini pale.
Nakala mbili, herufi, vimuhuri, mahali tisa.
Hakuinua kichwa.
Kengele ikalia, watu wakaanza kutawanyika,
Gracinda akanivuta mkono.

"Zulmira," baba akaliambia jiwe,
sauti yenye kutu, kama bawaba,
"huyu usimngojee."

Akaifuta mikono kwenye suruali.
Akaniuliza kama nimekula.