Kilomita 231,406

Gari dogo, jekundu lililochujuka likawa rangi ya nyanya ya kopo,
la mwaka elfu mbili na nne,
linakohoa asubuhi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri
hapa Suwałki, mji ambao baridi ikishaingia
haijui kuaga.
Silinda tatu. Leo zimeamka mbili.

"Koili," anasema Bogumil kabla sijafunga mlango,
maana anaijua sauti hii kama mkunga ajuavyo kilio.
"Zloti mia na ishirini. Plagi tubadilishe zote, tisini,
usije ukarudi Alhamisi."
Nitarudi Alhamisi. Tunajua sote wawili.

Anajilaza uvunguni na taa yake ya kichwa.
Nasikia bisibisi ikigonga chuma, ngo, ngo,
kisha haigongi.
Imezama.
Chumvi waliyomwaga barabarani vipupwe ishirini
imekila kizingiti cha mlango kutokea ndani,
kwa adabu, ikabakiza rangi
kama mgeni anayekula nyama akarudisha mfuniko.
"Kuchomelea upande wa kushoto, mia nane.
Wa kulia usiniulize."

Bushi za mbele, mia tatu na hamsini.
Cheni ya taimingi inanong'ona,
na kwa injini za aina hii cheni ikinong'ona
hungoji ipaze sauti: elfu moja mia sita.
Na kioo cha nyuma kilichozama mlangoni tangu Pasaka,
nilichokibana kwa utepe wa gundi?
"Hicho kiache. Nani anakaa nyuma?"

Anajumlisha kwa penseli juu ya boksi la chujio la oili,
ananigeuzia: elfu mbili mia saba na sitini.
Gawel wa vyuma chakavu anatoa elfu moja na mia moja,
tena anakuja na winchi yake mwenyewe.

Husemwa usipoziba ufa utajenga ukuta.
Mimi nimeziba nyufa miaka yote hii
na ukuta bado naujenga.
Husemwa kipya kinyemi ingawa kidonda.
Na cha kale, chenye vidonda tu, kiitweje?

Nafungua kisanduku cha dashibodi kutafuta kadi ya gari,
maana Gawel hachukui kitu bila kadi.
Risiti za maegesho. Glavu moja.
Daftari la Ludomir, kava limelowa oili.

*Km 61,200. Pedi za breki, 140. Mvua. Jagna kakojolea kiti, tumecheka mpaka Ełk.*

*Km 98,750. Rejeta, 310. Imetulaza Augustów, chumba cha kunguni. Halszka hakununa.*

*Km 143,003. Pampu ya maji, 280. Fundi hajui kazi. Nimeirudia mwenyewe.*

*Km 187,900. Klachi, 1,150. Daktari kasema mguu wa kushoto nisiutumie tena. Klachi hii mpya ni laini sana. Atafaidi Halszka.*

Halafu kurasa tupu.
Kilomita elfu arobaini na tatu na ushei
zisizoandikwa na mtu,
ingawa zimelipiwa.

Bogumil anafuta mikono kwa kitambaa
kichafu kuliko mikono.
"Nimwite Gawel?"
Nje theluji inaanguka bila haraka, kama mwenye nyumba.
"Koili na plagi leo," namwambia. "Kizingiti wiki ijayo.
Cheni pensheni ikiingia, na hadi hapo nitaiendesha polepole.
Na kioo cha nyuma."
"Halszka, nimekwambia, hakuna anayekaa—"
"Kioo cha nyuma, Bogumil.
Na niazime hiyo penseli."

*Km 231,406. Koili, 120. Plagi, 90. Baridi kali. Bogumil kakosea hesabu kwa zloti mia mbili, kwa faida yangu. Anadhani sijui kujumlisha.*