Mita Moja

Muuguzi amechora maduara ya chokaa
juu ya mawe meusi ya Goma:
simameni humo, mtu na mwenzake mita moja.
Mvua ya saa tisa ikayafuta.

Hemani tuko saba.
Nimelipima hema kwa kitenge cha mama:
kitenge kimoja na kiganja.
Sasa nani alale nje, niambieni,
Kankindi mwenye homa
au mimi ninayemgeuza?

Sabuni tumepewa. Maji yapo ziwani,
tunayaona;
bidoni moja ya chukudu, franga mia tano.
Tunanawa kwa zamu: leo mkono wa kulia.

Usiku kikohozi kinavuka turubai hadi turubai,
hakiulizwi karatasi.

Asubuhi maduara yamechorwa tena.
Katika la Kankindi amesimama kuku.