Namba Tasa

Karani wa mzani pale Katumba
alikuwa na goti lenye kazi yake:
kikapu cha chai kikining'inia, goti hukipokea kwa chini,
kilo kumi na tisa zikawa kumi na saba,
na kalamu, bila aibu, ikaandika kumi na saba.

Ulikuwa na miaka tisa, shangazi Atuganile,
nailoni kichwani, mvua ya Tukuyu mgongoni,
ukauliza foleni nzima ikisikia:
"Mbili za leo umeziweka wapi?"
Bibi alikuchapa njiani kwa kumvunjia heshima mtu mzima.
Alikuchapa taratibu.
Mwisho wa mwezi alikuletea risiti zote uzijumlishe.

Hayo nilisimuliwa. Mengine niliyaona.
Niliiona bahasha yenye stempu ya ng'ambo:
"Mpendwa Bwana Mwakibinga,
tumeipokea hoja yako kuhusu namba tasa zinazopishana kwa mbili."
Baba akataka uwaandikie kwamba hapa hakuna bwana.
Ulikuwa unamenya ndizi, kisu hakikusimama.
"Jina wamelikosea, mstari wa nne wameuelewa.
Afadhali hivyo kuliko kinyume chake."

Kisha wale mama wa kwaya, kila Krismasi:
"Profesa, na watoto?"
Nani alilitupa lile neno jikoni sikumbuki,
ila lilianguka kama mfuniko wa sufuria,
likazunguka sakafuni muda mrefu kabla ya kutulia.
Tasa.
Bibi, mikono ndani ya maharage, akakuuliza
hizo namba zako zimekosa nini hata ziitwe hivyo.
Hazigawanyiki, mama, ila kwa moja na kwa zenyewe.
Na hizo nyingine?
Nyingine zote zimetoka kwa hizo. Unazizidisha, zinatoka.
Bibi akapepeta, makapi yakaruka.
"Basi aliyezibatiza hajawahi kuingia leba."

Mwaka ule ule uliopewa uprofesa ndipo ulipoliona tobo.
Ukurasa wa thelathini na moja.
Jarida halikuliona, wala wale wa Polandi
waliokufundisha miaka minne katika baridi uliyosema
ni ya Kitulo, ila haijui kwenda kwao jua likichomoza.
Uliliona wewe, saa nane usiku, umeme umekatika,
kibatari kinanukia mafuta,
na mpaka asubuhi ulikuwa umekaa vile vile, khanga mabegani.

Ungeweza kunyamaza. Baba alikushauri unyamaze,
nani wa kujua, watu wangapi duniani wanasoma mambo hayo,
saba?
"Kulikuwa na goti chini ya kikapu," ulimjibu,
"na goti lilikuwa langu."
Nilikusindikiza posta. Barua ya mistari mitatu:
nimekosea, ni hapa, naiondoa.
Stempu ikakaa upande. Ukaibandua, ukaibandika upya.

Miaka kumi na mmoja uliziba, haikuzibika.
Wenzako wakapata vyeo, wakapata magari, wakapata kisukari.
Kilichobaki ni hoja fupi, kurasa sita,
inayosema kidogo sana kuliko ulivyotamani kusema,
na unaweza kuikanyaga popote, haibonyei.

Sasa umestaafu, umerudi kwenye nyumba ya bibi.
Meza ina mguu mfupi, umeuwekea boksi la kiberiti.
Jumamosi wanakuja wasichana watatu wa kidato cha tatu,
mmoja, Sekela, anabishana nawe mpaka mate yanaruka,
na huyo ndiye unayemkatia mkate mnene.

Jana nilikukuta unaandika nyuma ya kalenda ya ushirika,
chai imepoa, imefanya utando.
Nikakuuliza unatafuta nini tena, umri huu.
"Mbili," ukasema, hukuinua kichwa.
Nikafunga dirisha. Mvua ilikuwa imeshafika kwenye karatasi.