Uma Tena

Saa tano usiku, Daugavpils. Theluji
imelalia reli za tramu kama unga usio na mkandaji.
Nimebonyeza kitufe.
Kimya.
Nimebonyeza tena, safari hii kwa kidole cha kati,
kana kwamba cha shahada kina mkosi.
Kimya kilekile.

Asubuhi ilikuwa ikiwaka. Polepole, ndiyo,
ikihema kama mtu apandaye ghorofa ya tano na gunia la viazi,
lakini ikiwaka.
Ni mimi niliyesema haitoshi.
Ni mimi niliyenunua kadi mpya ya michoro, nene kama tofali,
na kisanduku kipya cha umeme cha kuilisha,
maana mwenye tumbo kubwa hashibi uji.
Sasa nina tofali, nina kisanduku,
na skrubu moja imebaki mezani
nisiyojua ilitoka wapi.

Kazi yangu ni meno. Nayachora kwenye kioo,
mashine inayachonga, mimi nayapiga msasa.
Bwana Zigmunds, aliyeendesha garimoshi miaka arobaini,
anamwoza binti yake Jumamosi.
Aliniambia: “Skaidrite, nataka nicheke kwenye kila picha,
nimechoka kujiziba kwa kiganja.”
Taya lake limo humu, ndani ya sanduku bubu,
meno kumi na manne ya juu yamelala gizani,
hayajui harusi ni lini.

Nikampigia mpwa wangu Raitis, auzaye kompyuta Liepaja.
“Swichi ya nyuma?”
Imewashwa.
“Soketi ya ukutani?”
Nikachomeka taa ya mezani. Ikawaka. Nikaichukia.
“Toa kadi mpya.”
Nikaitoa. Kimya.
“Basi rudisha kisanduku cha zamani.”
Nimekiuza mchana, kwa yuro kumi na mbili.
Akanyamaza. Nikadhani anatafakari,
mpaka nikamsikia anakoroma.

Mganga hajigangi, wanasema.
Nikavaa taa yangu ya kazini kwenye paji la uso,
nikachukua kioo kidogo chenye mpini mrefu,
nikaupiga magoti ule ubao mama
kama kinywa cha mtoto anayeogopa sindano.
Hapa vumbi. Hapa waya mwekundu, hauna kosa.
Na pale ukingoni, kebo pana kuliko zote,
meno ishirini na manne, safu mbili,
imenyooka, imetulia, ina adabu.
Ina adabu mno.
Kati yake na soketi, upenyo
wa kupitisha ukucha.

Nikaukumbuka mchana. Nilivyoisukuma,
ubao ukapinda kidogo, ukalia kr,
moyo wangu nao ukalia, nikaachia.
Nikajiambia: imeingia.

Mimi! Miaka ishirini na sita nawasimamia watu
wenye meno mapya, wanaing'ata karatasi ya bluu
kama wanaoiomba radhi, nami nawaambia:
Uma. Hapana, uma kweli.
Jino lisilokutana na mwenzake ni pambo,
na pambo halitafuni mkate.

Nikachomoa plagi. Kiganja kimoja chini ya ubao,
gumba la pili juu ya kebo.
“Uma,” nikaiambia.
Ikagoma.
“Uma tena.”
Ubao ukalia kr. Sikuachia.

Ta.

Mlio mdogo hivyo, wa kokwa la tufaha.
Nikarudisha plagi, nikarudisha tofali,
nikabonyeza, kwa kidole cha shahada, nikimsamehe.
Feni ikazunguka na kunitemea usoni
vumbi la miaka mitatu.
Kioo kikaniuliza, kama mgonjwa atokaye usingizini,
leo tarehe ngapi. Saa yake ilikuwa imepotea.

Leo ni Alhamisi, nikaijibu kwa sauti,
peke yangu, na vumbi kwenye nyusi.
Kisha nikafungua taya la Zigmunds.

Ile skrubu ipo mfukoni mwa aproni.
Bado sijui.